Majani Mekundu ya Mahenge

Nilikuwa nimefika ukurasa wa arobaini na mbili wa riwaya yangu, yote kwa mkono kwenye kaunta buku, pale rafiki yangu mmoja, mwandishi wa kijiweni kama mimi, aliponiuliza swali lililonikata maini. Alikuwa anasoma ukurasa wa tisa. Pale Doreen anatembea peke yake kando ya ziwa, huko ng'ambo, milima imemzunguka, na miti yote imegeuka myekundu na ya manjano, naye analia kwa ajili ya mchumba aliyemwacha Dar es Salaam.

"Haya majani mekundu umeyaona wapi?"

Nikamwambia ukweli. Niliyaona kwenye gazeti la picha, la zamani, nililolinunua kwa wauza vitabu vya mtumba. Barabara inapinda milimani huko Marekani, ziwa linang'aa chini, na miti kama inaungua moto.

"Basi wewe umeandika gazeti," akasema. "Hujaandika miti."

Msomaji, usinicheke. Mimi nimeishia kidato cha nne, na vitu vingi ninavyovijua nimevijua kwa karatasi. Lakini neno lile lilinikaa kooni kama mwiba wa perege. Jioni nikamsimulia mama huku anachambua mchele. Mama hakunionea huruma hata kidogo. Akasema kwao Mahenge miti inakuwa myekundu kila mwaka, mwezi wa kumi, na hakuna mtu anayelipa nauli kwenda kuitazama. Kisha akaongeza, kama vile ndilo alilotaka kusema tangu mwanzo: "Nenda ukaone, halafu urudi na bibi yako. Macho yanamharibikia. Mfikishe Ifakara wakamwone, maana mimi kanikatalia mara tatu."

Ndivyo safari ilivyoanza. Nilikwenda kutafuta rangi ya kumvisha Doreen, nikarudi na mambo mengine.

Kwanza niseme kidogo juu ya neno lenyewe, maana waandishi tunaoanza tunaponzwa sana na kamusi. Majira yale ya Wazungu, majani yanapogeuka rangi na kuanguka, watafsiri wengi wanayaita vuli. Lakini vuli yetu ni mvua! Ni mvua chache za kuelekea mwisho wa mwaka, mtu anachapua jembe, ardhi inanukia. Ukimwambia mkulima wa Ifakara kwamba vuli ni wakati miti inapojiandaa kufa, atakuona umechanganyikiwa. Wengine wanaandika kipupwe, nalo ni baridi ya Juni na Julai. Hatuna neno kwa sababu hatuna kitu chenyewe. Tulicho nacho ni kiangazi, na nataka kuonyesha kwamba kiangazi ndicho kilichoandika karibu historia yote ya Bonde la Kilombero.

Nilipata lifti ya Fuso lililokuwa linapeleka saruji Mahenge, na kurudi na mchele kutoka Lupiro. Dereva alikuwa mtu mzima, mkimya, suka wa miaka mingi. Utingo alikuwa kijana wa rika langu, anaongea kwa niaba ya wote wawili. Tuliondoka Morogoro alfajiri, tukakata Mbuga ya Mikumi, na pale Mikumi mjini tukaiacha barabara kuu ya Iringa, tukakunja kushoto kushuka Kidatu.

Ukishuka pale unaona kwanza miwa. Miwa kulia, miwa kushoto, mpaka macho yanachoka. Kilimo hiki cha kampuni kilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati nchi inapata uhuru, na wakati wa mavuno, ambao ni kiangazi vilevile, moshi wa mashamba yanayochomwa unapanda hewani na majivu meusi yanaangukia nguo zilizoanikwa. Utingo akaniambia watu wa pale wanayajua majira kwa majivu. Nikaandika hilo kwenye daftari haraka haraka kabla hajaliandika yeye, maana alishanitobolea kwamba naye anatunga mashairi.

Kidatu ndipo Ruaha Mkuu unapotoka mlimani. Kuna bwawa huko juu, lilimalizika mwaka 1975, na mitambo yake ina uwezo wa megawati 204. Sikupanda kulitazama, Fuso la saruji halisubiri watalii. Lakini nilizitazama nyaya nzito za umeme zinavyokwenda zake, nguzo baada ya nguzo, kurudi tulikotoka, nikafikiri: hili ndilo ziwa la milimani nililokuwa nalo siku zote bila kujua. Taa niliyoandikia ukurasa wa tisa, sehemu ya umeme wake pengine ilitoka humo. Na bwawa nalo ni ujanja wa kupambana na kiangazi. Mto ukipungua, maji yaliyowekwa masika ndiyo yanayozungusha mitambo. Baadaye likajengwa bwawa la Mtera huko juu zaidi, ili Kidatu isikaukiwe.

Kidatu pia ndipo reli mbili zinapokutana na kushindwa kuelewana. Tawi la Reli ya Kati linalotoka Kilosa lina upana wa mita moja kati ya chuma na chuma. TAZARA ina milimita 1,067. Tofauti ni kama upana wa vidole vinne tu, lakini behewa la huku haliwezi kwenda kule, na mzigo lazima ushushwe na kupakiwa upya. Wachina walianza kazi rasmi Oktoba 1970, mwezi uleule niliosafiri mimi, mvua zikiwa bado, wakaimaliza mwaka 1975 na kuikabidhi Julai 1976: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Sehemu iliyowatoa jasho kuliko zote ilikuwa kutoka Mlimba kupanda Makambako, milima na mahandaki na madaraja. Zaidi ya Wachina sitini walifia kazini Tanzania na Zambia, na wapo waliozikwa Gongo la Mboto. Vijana wa Kitanzania waliobeba zege na mataruma walikuwa maelfu kwa maelfu. Hao nao wana wajukuu wao, na ningependa siku moja mmoja wao aandike.

Kutoka Kidatu kwenda Ifakara zamani watu walikuwa wanakula vumbi kiangazi, na masika wanakula matope. Siku hizi ni lami, kilomita 66.9, iliyozinduliwa Agosti 2024. Kulia kwetu yakasimama Milima ya Udzungwa, mieusi kwa ukijani, mawingu yamekaa juu kama kilemba. Nikawa natoa shingo dirishani natafuta wekundu wangu. Hakuna! Msitu wa Udzungwa haujui kiangazi. Unapata mvua na ukungu wa kutosha, majani yake ni ya kijani Januari hadi Desemba. Mwaka 1992 ukafanywa hifadhi ya taifa, kilomita za mraba 1,990. Ndani yake kuna maporomoko ya Sanje, mita 170, na kuna nyani mdogo, mbega si mbega, ambaye sayansi haikumjua mpaka mwaka 1979. Watu wa Sanje walikuwa wanamjua, bila shaka, ila hawakuulizwa.

Mang'ula, Kiberege, Kibaoni, tukaingia Ifakara saa nane mchana.

Ifakara ni mji wa baiskeli na mchele. Kina mama wanapita na madumu, wanafunzi wanapakizana watatu, na kila duka la pili limeanika sampuli za mchele kwenye masinia kama lulu. Tulikula wali kwa kambale wa mchuzi, bei ya kirafiki, na hapo ndipo utingo aliponiuliza kama najua maana ya jina la mji. Nikasema sijui. Akasema wenyeji wanasimulia kuwa maana yake ni mahali pa kufia. Nimelisikia hilo baadaye kwa watu wengi, kila mmoja na hadithi yake ya nani alikufa: wengine wanasema ni vita, wengine mafuriko, wengine homa. Mimi naona wote wanaweza kuwa na haki.

Mwaka 1949 alifika hapa mtaalamu wa wanyama kutoka Basel, Uswisi, jina lake Rudolf Geigy. Alikuwa anatafuta mahali pa kuchunguza magonjwa ya nchi za joto, na wamisionari Wakapuchini wa kwao walikuwa tayari wapo Ifakara na zahanati yao. Unapotafuta magonjwa, nadhani huwezi kupata anwani bora kuliko mji unaoitwa mahali pa kufia. Maabara ikajengwa mwaka 1957. Mwaka 1961 kikaanza chuo cha kufundisha wahudumu wa afya wa Kitanzania. Miaka ikaenda, maabara ya Waswisi ikawa taasisi ya Watanzania, na tangu 2008 inaitwa Taasisi ya Afya Ifakara. Wakubwa wetu wanakumbuka vyandarua vya "Zuia Mbu" vya mwishoni mwa miaka ya 1990; mradi ule ulifanyika hapahapa, Kilombero na Ulanga. Mpaka leo, kwa watu wa bonde zima, ukizidiwa unapelekwa Ifakara, Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Mahali pa kufia pamekuwa mahali pa kuponea. Yaani kwa wale wanaofika.

Naomba uyashike maneno hayo ya mwisho, kwa sababu kati ya Mahenge na Ifakara kuna mto.

Mto Kilombero, ambao ng'ambo ya pili wengi wanauita Ulanga, unakusanya maji ya Udzungwa upande mmoja na ya milima ya Mahenge upande wa pili. Huko mbele unaungana na Luwegu na wote wawili wanapoteza majina yao na kuwa Rufiji. Kiangazi unaufikiria mpole. Unajikunyata katikati ya mchanga, Wandamba wanahamia kambini kuvua, mabanda ya nyasi yanaota kingoni, samaki wanabanikwa. Ikifika Machi na Aprili unavunja mipaka. Bonde lote, ambalo upana wake unafika makumi ya kilomita, linakuwa maji. Mwaka 2002 liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu za dunia, karibu kilomita za mraba 8,000. Milima huku, milima kule, maji katikati. Kama ningekuja Aprili ningemkuta Doreen amesimama kando ya ziwa lake.

Sasa utaelewa ninaposema kiangazi kiliandika historia. Kwa vizazi na vizazi watu wa bonde hili walikuwa na miezi kama sita ya kufanya kila kitu kinachotaka miguu: kuoa mbali, kuzika mbali, kuuza mpunga, kudai deni, kupigana. Miezi mingine mtu anakaa na aliyenaye. Jeshi haliwezi kupita majini, karani wa kodi haendi kwa mtumbwi kuhesabu vibanda.

Tulivuka kwa daraja. Lina urefu wa mita 384, lilifunguliwa na Rais John Magufuli mwezi Mei 2018, na limepewa jina lake. Kabla ya hapo ilikuwa pantoni, na kabla ya pantoni mitumbwi na pondo. Januari 2016 pantoni lilipigwa na dhoruba likazama na magari yaliyokuwemo. Utingo alinionyesha mahali kwa kidole, kwa upesi, maana tayari tulikuwa ng'ambo. Nilitaka kulitazama daraja vizuri ili niliandike, nikakuta nimeshamaliza kulivuka.

Lupiro ni njiapanda, ya kulia inakwenda Malinyi. Sisi tukaendelea mbele, na barabara ikaanza kupanda. Jua lilikuwa linashuka. Gari likaingia gia ya pili, likawa linaguna kwa saruji ile, na mimi nikiwa nimesinzia nikasikia utingo ananigonga bega.

"Kaka, si ulikuwa unatafuta majani? Haya, chukua."

Ndugu yangu, sikuwa nimejiandaa. Mlima mzima ulikuwa mwekundu. Wekundu wenyewe haukuwa wa aina moja: kuna mti wa rangi ya shaba, jirani yake rangi ya divai, mwingine rangi ya waridi kama kiganja cha mtoto mchanga, na katikati yao kijani kibichi kinachotaka kuanza. Chini nyasi zilikuwa zimeshachomwa, ardhi nyeusi tii. Nikapiga kelele suka asimamishe gari. Suka, ambaye tangu Morogoro alikuwa hajasema maneno kumi, akasema, "Mlimani hatusimami," akaendelea.

Miombo, ndivyo miti hiyo inavyoitwa, na msitu wake unafunika nusu ya nchi hii. Nilichokuja kujifunza ni kwamba nilikuwa nimeisoma rangi yake kinyume. Kule kwenye gazeti langu jani linakuwa jekundu kwa sababu linakufa: mti unanyonya ukijani wake, baridi inakuja, jani linaanguka. Miombo inapukutisha katika kiangazi, kisha mwezi wa tisa na wa kumi, hata tone la mvua halijaanguka, inatoa majani mapya. Hayo machanga ndiyo mekundu. Wataalamu wanasema rangi hiyo inayakinga na jua kali na wadudu mpaka yakomae. Kwa hiyo Doreen wangu, kama angepita Mahenge akilia, angekuwa analia katikati ya miti inayozaliwa. Ukurasa wa tisa ukawa umekufa palepale kwenye Fuso.

Tulifika Mahenge usiku. Bibi alikuwa bado anasubiri jikoni. Akanishika uso kwa mikono yote miwili, macho yake yana utando, akasema, "Huyu mume wangu amechelewa hivi, amepitia kwa mke gani?"

Kesho yake asubuhi nikamweleza habari za majani. Nilitegemea atafurahi. Akauliza: "Mliyaona upande gani wa barabara?" Nikamwambia pande zote. Akanyamaza, halafu akasema, "Yale ni mahame."

Hapa sasa lazima nirudi nyuma, hadi 1905.

Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi mwishoni mwa Julai mwaka ule, mashamba ya pamba ya kulazimishwa yakiwa tayari kwa kuchumwa. Kinjikitile Ngwale, aliyegawa maji ya dawa kule Ngarambe, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti. Hawakujua Wajerumani kwamba wamenyonga mtu huku habari imeshaondoka. Ilikuwa kiangazi, mito imepungua, njia zote wazi. Katikati ya Agosti Wambunga walikwishaiangusha Ifakara. Tarehe 30 Agosti Wapogoro na Wambunga wakaishambulia boma ya Mahenge.

Ndani ya boma alikuwemo Kapteni von Hassel na askari wake, pamoja na rashasha. Watu walipanda mlima mchana, waziwazi, wakiamini risasi zitakuwa maji. Walikufa wengi sana, karibu na ukuta na mbali na ukuta, na bado wengine wakaja, na baada ya hapo boma ikazingirwa kwa majuma hadi kikosi cha Iringa kilipofika Septemba. Si wote waliokuwa upande mmoja. Kiwanga, mtawala wa Wabena wa bondeni, alisimama na Wajerumani, na vitabu vyetu vya shule vinampita kimya kimya. Mimi nadhani siku moja mtu ataandika riwaya nzima juu ya Kiwanga na asimfanye mwovu wala shujaa.

Mimi sikuwepo, lakini sasa naijua miombo. Mwishoni mwa Agosti ile ya mapema inakuwa imeshaanza kuchipua. Waliopanda kwenda bomani walipita chini ya majani hayo hayo.

Kilichofuata ndicho kilichoua zaidi. Wajerumani waliona kwamba risasi hazitoshi kumaliza vita, wakaamua njaa imalizie. Kiangazi ndicho wakati ghala zimejaa. Mpunga na mtama wote umeshatoka shambani uko nyumbani, mahali pamoja, rahisi kuwaka. Wakachoma ghala, wakachukua mifugo, wakawazuia watu kulima. Mvua zilipofika hapakuwa na mbegu. Serikali ya Kijerumani ilihesabu vifo 75,000 katika nchi yote iliyopigana. Wanahistoria wa baadaye wanafikisha laki mbili na nusu hadi laki tatu, wengi wao kwa njaa na maradhi. Vijiji vikabaki vitupu. Pori likarudi, na wanyama, na nyuma ya wanyama mbung'o. Sehemu kubwa ya nchi iliyopigana ndiyo iliyokuja kuitwa pori la akiba la Selous. Na katika miaka ya 1940 serikali ya Waingereza ikawahamisha watu wa Ulanga, kutoka maporini kuwakusanya pamoja, kwa sababu ya malale. Wakaacha mahame mengine juu ya mahame ya kwanza.

Miembe michache bado ipo, bibi alisema. Ukiona mwembe peke yake katikati ya miombo, ujue palikuwa na mlango wa nyumba. Babu yake alizaliwa chini ya mmoja wa hiyo, "zamani za Mdachi," na alipokuwa mtoto mdogo alikula mizizi msituni mpaka meno yakawa meusi. Aliwasimulia hivyo. Ndiyo maana yeye hakuwahi kuona uzuri wa majani yale. Kwake wekundu ule ulikuwa ni ishara ya mwezi mgumu, chakula kimebaki kidogo, mvua bado.

Nikamwuliza kwa nini alimkatalia mama mara tatu, wakati daraja lipo, na Ifakara ni safari ya nusu siku. Akasema hataki kuvuka. Nikacheka, nikasema bibi, siku hizi hakuna mtumbwi. Hakucheka.

Mama hajawahi kunisimulia hili. Nimelisikia kwa bibi, asubuhi ile, akiwa anapepeta. Mwaka 1979 alikuwa na mtoto wa kiume, kaka yake mama, umri miaka mitatu. Akashikwa na homa, degedege juu ya degedege, wakaambiwa wamfikishe Ifakara. Ilikuwa Aprili. Walikwenda kwa lori hadi Lupiro, kutoka hapo kwa miguu ndani ya maji, hadi kivukoni. Mto ulikuwa umejaa mno na hakuna aliyekubali kuvuka, wala pantoni wala mtumbwi, na alisema mwenyewe kwamba hawalaumu, magogo mazima yalikuwa yanapita kama mishale. Wakalala kingoni usiku mmoja. Usiku wa pili mtoto akafa. Hawakuweza kumrudisha, wakamzika hapo hapo kwenye kichuguu, ndiyo ardhi kavu pekee iliyokuwepo.

"Kiangazi kilipofika nikaenda," akasema. "Mto ulikuwa umehama. Kichuguu sikukiona."

Mjomba wangu huyo hayumo katika hesabu yoyote niliyoitaja humu. Alikuwa na jina, lakini bibi ameniomba nisiliandike.

Alikubali kusafiri siku ya tatu. Sijui ni nini kilichombadilisha, na sikuuliza. Suka alikuwa amemaliza kushusha saruji. Tukamkalisha bibi mbele, katikati, kanga mbili na kikapu, mimi dirishani, utingo akapanda juu. Alfajiri ile msitu ulikuwa umelowa umande na jua lilipoutoboa majani yakawa kama yana taa ndani. Nikamwelezea bibi ninachokiona, mti kwa mti, kwa sababu yeye aliona weupe tu. Alinisahihisha mara mbili: huo si mwombo, huo ni mtondoro. Alijua kwa kona za barabara.

Lupiro tukapakia mchele, magunia themanini, utingo akawa amelala juu yake kama mfalme. Tulipokaribia mto suka akapunguza mwendo bila kuambiwa. Bibi akaniuliza tumefika wapi. Nikamwambia tunaingia darajani. Akanishika mkono. Alikuwa anasikiliza, nadhani anasikiliza maji, lakini kiangazi mto hauna sauti, na injini ilikuwa inanguruma.

"Tuko katikati?" akauliza.

"Tumeshavuka, bibi."

"Tayari?"

"Tayari."

"Muda gani?"

Nikamtazama suka. Suka akatazama saa ya kwenye dashibodi, akasema, "Dakika moja, mama. Haifiki."

Bibi aliuachia mkono wangu akaanza kufunga upya kanga yake, taratibu, akakaza fundo. Tulifika hospitalini kabla ya saa nne. Foleni ya macho ilikuwa ndefu, tukapewa namba, tukakaa kwenye benchi.